Seli za kinga hujuaje ni kidole kipi kilichochomwa?

Msomaji ameandika hivi: "Wiki iliyopita nilichomwa na mwiba kwenye kidole cha shahada. Baada ya saa chache kidole kikawa chekundu na cha moto, kesho yake kikatunga usaha. Nimesoma kwamba ngozi hutoa kemikali za kuziita seli za kinga. Lakini damu inazunguka mwili mzima. Kemikali hizo zikiingia kwenye damu si zitasambaa kote? Sasa seli zinajuaje kwamba ni kidole hiki na si cha jirani? Na dada yangu ana soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wenye magamba. Akijikwaruza tu, baada ya wiki moja au mbili ugonjwa unatokea palepale. Je, ni mwito uleule?"

Umeuliza jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hulipita mbio. Hukariri kwamba ngozi huita na seli huja, wakaliandika hivyo kwenye mtihani, wakapata alama zao. Wewe umeliona tundu. Ukimwaga wino mtoni, walio chini ya mto wataona maji yamebadilika rangi kidogo, lakini hakuna atakayejua wino ulimwagwa wapi. Mwito wa namna hiyo usingeweza kumfikisha mtu popote.

Siri ni kwamba hakuna anayeitwa kutoka mbali. Seli nyeupe za damu zinapita kidoleni mwako muda wote, usiku na mchana, uwe umechomwa au hujachomwa. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na moyo wake akiwa ametulia husukuma takriban lita 5 kwa dakika. Kwa wastani, basi, seli iliyomo kwenye damu hurudi moyoni kila baada ya dakika moja na kutumwa tena sehemu nyingine. Zinazopita kidoleni sasa hivi si zile zilizopita dakika iliyotangulia, ila zipo daima. Kazi ya ngozi iliyojeruhiwa ni kubandika tangazo kwenye ukuta wa mshipa, kwa upande wa ndani, ili seli inayopita ilisome na ishukie hapo. Kidole cha jirani hakina tangazo, kwa hiyo seli hupita zake.

Tuanze pale mwiba ulipoingia. Tabaka la juu la ngozi limejengwa kwa seli za keratini, ambazo ni kama asilimia 90 ya seli zote za tabaka hilo. Zamani tulizifundisha kama matofali tu. Sivyo. Kila moja ina akiba ya protini iitwayo interleukini-1 alfa, imeshatengenezwa, inakaa ndani ya seli bila kazi kubwa. Mwiba ukiipasua seli, akiba inamwagika nje, na seli jirani zikiipokea zinaelewa kwamba mwenzao amevunjwa. Haihitajiki kwanza kumtambua bakteria. Kuvunjika kwenyewe ni habari. Chini kidogo, kwenye tabaka la ndani, zipo seli za masti zilizojaa histamini, nazo huimwaga ndani ya dakika chache. Histamini inatanua mishipa midogo na kuifanya ivuje majimaji. Huo ndio wekundu, joto na uvimbe uliouona mwanzoni, kabla ya usaha.

Kisha ukuta wa mshipa unabadilika. Ninauzungumzia hasa ule mshipa mwembamba unaopokea damu ikitoka kwenye kapilari, maana huko ndiko seli nyingi hutokea nje. Seli zinazoutandika mshipa huo zina vifuko vyenye protini za kunasa ziitwazo selektini. Aina moja ya selektini hupandishwa juu ya ukuta kwa dakika chache kwa kuwa ilishatengenezwa. Nyingine, selektini E, inabidi itengenezwe upya, na hufika kileleni baada ya saa kadhaa. Seli nyeupe inayopita hapo hugusana na selektini, hunasa, hunasuka, hunasa tena. Kwa darubini utaiona inabingirika ukutani polepole huku chembe nyekundu zikiipita kwa kasi. Nimeonyesha video ya jambo hili miaka mingi darasani na bado mimi mwenyewe huitazama hadi mwisho.

Kubingirika si kusimama. Ili isimame, seli inahitaji kusoma kemikali, na hapa ndipo ngozi inapozungumza kwa kinywa chake. Zile seli za keratini zilizostushwa, pamoja na wenzao wa tabaka la ndani, hutoa protini ndogo sana ziitwazo kemokini. Nyingi zina asidi amino kati ya 70 na 100 tu. Binadamu ana takriban aina 50 za kemokini, na vipokezi vya kuzisoma vipo 20 hivi. Inayohusika zaidi na kidole chako ni CXCL8, iliyotambuliwa mwaka 1987, ambayo wengi bado huiita kwa jina lake la kale, interleukini-8. Hiyo husomwa na nyutrofili, seli zinazotangulia mbele kwenye karibu kila jeraha lenye bakteria.

Sasa turudi kwenye ule mto wa wino. Kemokini zikitoka kwenye seli hazielei ovyo. Zina chaji chanya kwa wingi, na sehemu kati ya seli na seli zimejaa minyororo ya sukari yenye chaji hasi, mmojawapo ukiwa heparani salfeti. Zikikutana zinagandana. Kwa hiyo kemokini hukwama karibu na zilikotoka. Zile zinazoufikia mshipa hupokelewa kwa upande wa nje na protini iitwayo Duffy, huvushwa kupitia seli ya ukuta na kuwekwa upande wa ndani, damu inakopita. Hapo hushikwa tena na sukari za ukutani. Damu ikipita kwa nguvu, tangazo linabaki.

Na zinazoponyoka? Zipo, lazima. Lakini protini hiyohiyo ya Duffy, kwa watu wengi, imejaa pia juu ya chembe nyekundu za damu, nazo hufyonza kemokini zinazoelea. Ukutani Duffy inasaidia kubandika. Ndani ya damu inafagia. Kwa wanaolifahamu jina hili kutokana na malaria: ndiyo, ni Duffy ileile ambayo vimelea vya Plasmodium vivax huitumia kama mlango wa kuingilia chembe nyekundu, na watu wengi wenye asili ya Afrika hawanayo kwenye chembe hizo. Kwenye mishipa wanayo kama kawaida.

Nyutrofili inayobingirika ikiigusa CXCL8 iliyobandikwa, kipokezi chake kinatuma habari ndani, na kwa muda usiofika hata sekunde moja protini nyingine juu yake, integrini, zinajikunjua na kushika ukuta kwa nguvu. Seli inasimama. Inajibandika bapa, inatambaa ikitafuta upenyo, kisha inajipenyeza katikati ya seli mbili za ukuta na kutoka nje.

Nikitaka kumthibitishia mtu kwamba mambo yote yanaamuliwa ukutani, humweleza habari za watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye integrini hizo. Ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana. Kitovu cha mtoto kinakawia kudondoka, wakati mwingine hupita wiki 3 au zaidi. Vidonda vyake vinaoza bila kutunga usaha. Ukipima damu yake unashangaa: nyutrofili zimejaa kupita kiasi. Jeshi lipo, jeraha lipo, tangazo limebandikwa. Hakuna anayeweza kushuka. Usaha wako uliokuudhi ni mamilioni ya seli zilizoweza kushuka, zikapigana, zikafia hapo pamoja na bakteria na mabaki ya tishu.

Baada ya kutoka mshipani, safari haijaisha. Mwiba unaweza kuwa mbali nusu milimita, na kwa seli yenye upana wa mikromita 10 au 12 (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita) huo ni mwendo. Hapa sasa ule mfano wa "kunusa" unafaa. Kemokini ni nyingi karibu na jeraha na zinapungua kadiri unavyokwenda mbali. Seli inalinganisha upande wake wa mbele na wa nyuma: tofauti ya asilimia 1 au 2 inatosha kuiambia ielekee wapi. Upande wenye kemikali nyingi husukuma mbele mguu wa bandia uliojengwa kwa nyuzi za aktini, mkia unajikunja na kufuata. Kasi yake ni mikromita 10 au zaidi kwa dakika, ambayo kwa macho yetu ni kama haiendi, lakini kwa saa moja imeshavuka nusu milimita hiyo.

Ilya Metchnikoff aliona mwendo wa namna hii mwaka 1882 huko Messina, Italia, na chombo chake kilikuwa, kama kwako, miiba. Aliichomeka kwenye mabuu ya kiti cha pwani, viumbe wanaopenyeka na mwanga na wasio na mishipa ya damu kama yetu, na asubuhi yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Kwa kuwa hakukuwa na mkondo wa damu, seli zilitambaa tu hadi pale. Nadhani picha hiyo ndiyo iliyotuachia mazoea ya kusema "huitwa", na kwa mabuu ni sahihi kabisa. Kwetu sisi kumeongezwa hatua ya mshipa.

Wala kemokini hazifanyi kazi peke yake. Mwaka 2009 watafiti waliokata ncha ya mkia wa samaki mdogo wa maabara, yule mwenye mistari kama pundamilia, waliona ngozi ya ukingoni ikitoa haidrojeni peroksaidi, kemikali ileile inayouzwa chupani kusafishia vidonda, na mteremko wa kemikali hiyo, yaani nyingi jerahani na kupungua kadiri ya umbali, ulikuwepo kabla seli nyeupe ya kwanza haijawasili. Tena nyutrofili zenyewe hupokezana mwito. Mwaka 2013, kwa kutazama ngozi ya sikio la panya akiwa hai, ilionekana kwamba zile za kwanza zikifa jerahani, zinazofuata hutoa leukotriene B4, mafuta yanayozivuta zilizo mbali zaidi, hadi zikafanya kundi kama nyuki. Bakteria nao hujichongea: protini zao huanza na kipande chenye alama ya kikemikali iitwayo formili, na nyutrofili ina kipokezi maalumu cha kipande hicho. Ikibidi ichague kati ya kemokini ya mwilini na harufu ya bakteria mwenyewe, huifuata ya bakteria. Ni busara, maana kemokini husema kuna shida mtaa huu, ile nyingine husema adui yu hapa.

Yupo kiumbe anayeujua mfumo huu kuliko wengi wetu: kupe. Mdomo wake ni mwiba unaokaa ndani ya ngozi kwa siku kadhaa, na bado mara nyingi mtu hahisi kitu. Mate yake yana protini ziitwazo evasini, ambazo hukamata kemokini moja moja kabla hazijasomwa.

Mpaka hapa nimezungumzia nyutrofili, ambazo hushukia popote penye tangazo lao, liwe la ngozi, pafu au figo. Seli T, aina nyingine ya seli nyeupe, ni tofauti. Hizo hupewa anwani. Seli T iliyofundwa (yaani iliyofundishwa kumtambua adui) kwenye tezi za limfu zinazopokea majimaji ya ngozi hutoka ikiwa na vitu vitatu juu yake: sukari inayonasa kwenye selektini E, ambayo mishipa ya ngozi huwa nayo kidogo hata pasipo jeraha, kipokezi CCR4, kinachosoma kemokini CCL17 kwenye mishipa hiyo, na nyingine huwa na CCR10, kinachosoma CCL27. Hii CCL27 hutengenezwa hasa na seli za keratini. Seli T iliyofundwa kwenye tezi za utumbo haina vitu hivyo. Ina vyake, nayo hurudi utumboni.

Kinachoamua anwani ni kitamu zaidi. Huko utumboni, seli zinazofunda hugeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, na asidi hiyo ndiyo inayoandika anwani ya utumbo. Kwa ngozi, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba seli zinazofunda huweza kuichukua vitamini D3, ile inayoundwa ngozini kwa mwanga wa jua, zikaikamilisha, na seli T za binadamu zikiionja huota CCR10. Jua hupiga ngozi, haliupigi utumbo. Mwili umetumia jambo hilo kama muhuri wa posta.

Umeona nimetaja seli zinazofunda. Hizo ni za dendriti, na zile za tabaka la juu la ngozi zina jina la Paul Langerhans, aliyeziona mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, akadhani ni za neva. Zenyewe husafiri kinyume na nyutrofili: huokota vipande vya adui ngozini na kuondoka navyo. Zikishaamshwa huota kipokezi CCR7, ambacho husoma CCL21 inayotolewa na mishipa ya limfu. Kwenye ngozi ya panya, mteremko wa CCL21 umepimwa ukiwa umegandishwa kuzunguka mshipa wa limfu hadi umbali wa takriban mikromita 90. Ndiyo maana jeraha la kidole likikolea unaweza kupata mtoki kwapani.

Sasa dada yako. Alichokieleza kina jina, alama ya Köbner, kutokana na daktari Mjerumani wa karne ya 19 aliyekitambua. Jibu la swali lako ni kwamba mwito wa mwanzo ni uleule: seli za keratini zimepasuka, akiba imemwagika, kemokini zimebandikwa. Tofauti iko kwa wanaoshuka na kwa kinachofuata. Kwa mtu wa kawaida tangazo hubanduliwa baada ya siku chache. Kemokini huvunjwavunjwa, nyutrofili hufa na kumezwa, ngozi inafunga. Kwa mwenye soriasisi, miongoni mwa zinazoshuka zimo seli T zenye kipokezi CCR6, ambazo hutoa interleukini-17. Hiyo ikizigusa seli za keratini, zinaanza kutoa CCL20 kwa wingi. Na CCL20 husomwa na nani? Na CCR6. Wanaofika wanamwambia mwenye nyumba awaite wenzao, wenzao wakifika wanasema vilevile. Interleukini-17 huamsha pia CXCL1 na CXCL8, ndiyo sababu kwenye magamba ya soriasisi tunakuta vijikundi vya nyutrofili bila bakteria yeyote.

Utajiuliza kwa nini basi tusizibe kemokini zenyewe. Ilijaribiwa, tena mara nyingi, na kwa magonjwa ya ngozi yenye uvimbe majaribio mengi hayakufua dafu. Seli moja ina vipokezi kadhaa, kipokezi kimoja husoma kemokini kadhaa. Ukifunika tangazo moja, linasomwa la pili. Penye mafanikio, shabaha huwa ni seli moja mahususi: mogamulizumabu, kingamwili inayokamata CCR4, hutumika kwa saratani fulani za seli T za ngozi. Kwa soriasisi kilichofanya kazi ni kumkamata anayeagiza matangazo yabandikwe. Dawa ya kwanza ya kuzuia interleukini-17, sekukinumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, na wagonjwa wengi ngozi zao zimesafika kwa kiwango ambacho nilipokuwa mwanafunzi tusingekitarajia. Kwa balanga pia mantiki ni hiyo: krimu ya ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, hukata amri inayozifanya seli za keratini zitoe CXCL9 na CXCL10, zinazowavuta wauaji wa seli za rangi.

Krimu za steroidi nazo hupunguza utengenezaji wa kemokini, na ndiyo maana wekundu hufifia haraka. Tahadhari yangu moja tu hapa: hazichagui. Mtu akizipaka juu ya choa akidhani ni pumu ya ngozi, wekundu na mwasho hupungua, anafurahi, huku kuvu wanatambaa kwa raha chini ya tangazo lililobanduliwa. Daktari akija kuliona, halifanani tena na choa.

Dada yako huenda ameona jambo jingine ambalo hukulitaja: akiacha dawa, soriasisi hurudi mahali palepale ilipokuwa, hata kama ngozi ilionekana safi kabisa. Hapo hakuna aliyehitaji kuitwa. Baadhi ya seli T zilizoshuka hazikuondoka. Ili seli itoke kwenye tishu inabidi isome mafuta yaitwayo sfingosini-1-fosfeti, ambayo ni mengi kwenye damu na limfu. Seli hizi zina protini CD69, inayokivuta kipokezi cha mafuta hayo ndani na kukizima, kwa hiyo njia ya kutokea hawaioni. Ngozi ya mtu mzima imekadiriwa kuwa na seli T zipatazo bilioni 20, karibu mara mbili ya zilizomo kwenye damu yake yote, na nyingi ni wakazi wa kudumu. Wapo watu ambao wakimeza dawa fulani hutokwa na doa jeusi kwenye sehemu moja tu, labda mdomoni, labda mgongoni mwa mkono, na wakiimeza tena baada ya miaka, doa ni lilelile, mahali ni palepale. Wakazi hao ndio wanaoitambua dawa, na hawakuwa wameondoka hapo muda wote huo.